Kwa baiskeli hadi Butiama: hija inayopita uani kwa babu



Najua nimekuwa kimya. Nilikuwa nyumbani Bariadi kwa arobaini ya babu, mzaa baba. Amefariki akiwa na miaka themanini na kitu (mwenyewe hakuijua tarehe yake, alijua tu kwamba alizaliwa mwaka wa njaa). Tulipogawana vitu vyake mimi niliambulia baiskeli. Ni Phoenix nyeusi ya Kichina, ina mlingoti, kariya nzito ya nyuma na dinamo ambayo haijawaka tangu sijazaliwa. Binamu zangu walicheka. Wao walichukua ng'ombe!

Lakini baiskeli hiyo ilikuja na deni, na leo nataka niwasimulie deni lenyewe. Ni hadithi ndefu kidogo kwa sababu inabidi tupite kwenye historia ya nchi.

Turudi Oktoba 1967. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 5 mwaka huo, na vijana mikoani walikuwa wakitembea kwa miguu kuliunga mkono. Mmoja wao, Seth Benjamin, alikufa njiani akitembea kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. TANU ilikuwa na mkutano mkuu Mwanza mwezi huo wa Oktoba. Mwalimu Nyerere naye, badala ya kupanda gari, akaamua kwenda kwa miguu kutoka kwao Butiama. Maili 138, yaani kama kilomita 222, kwa siku nane.

Pigeni hesabu wenyewe. Ni karibu kilomita 28 kwa siku, kwa rais wa nchi mwenye umri wa miaka 45. Gandhi alipotembea kwenda Dandi kudai chumvi mwaka 1930 alitumia siku 24 kwa kilomita zipatazo 385, wastani wa 16 kwa siku. Kweli Gandhi alikuwa na miaka 60, na kila kijiji alisimama kuhutubia. Hata hivyo, mwendo wa Mwalimu haukuwa wa mchezo. Mtu aliyekuwa akienda kwa miguu kutoka Butiama hadi shule ya Mwisenge pale Musoma mwaka 1934 akiwa mtoto, miguu alikuwa nayo.

Sasa tazameni ramani. Mtu akitoka Butiama kwenda Mwanza kwa njia ya kawaida anapita Bunda, anaambaa na ziwa, anafika Lamadi, halafu Magu. Lamadi leo iko wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Mwaka 1967 hapakuwa na Simiyu. Mkoa huu umeanzishwa 2012, Bariadi, Maswa na Meatu zikimegwa kutoka Shinyanga, na Busega ikitoka upande wa Mwanza. Kwa hiyo moja ya safari maarufu zaidi za miguu katika historia ya nchi yetu ilipita ukingoni mwa mkoa wetu, na wengi wetu vijana wa Bariadi hatujui!

Babu alijua. Wakati huo alikuwa kijana mwenye mke mmoja na shamba la pamba. Aliposikia kwamba Mwalimu atapita barabara ya ziwa, alipanda baiskeli yake ya kwanza (hiyo ilikuwa Raleigh, siyo hii Phoenix) akaondoka usiku kwenda Lamadi. Barabara ilikuwa ya vumbi. Akapata pancha mbili. Alipofika, watu walimwambia msafara ulishapita tangu asubuhi. Akauliza umbali, akatazama tairi lake, akageuza.

"Nilimkosa kwa tairi," ndivyo alivyokuwa akisema. Kila alipoisimulia, wajukuu tulicheka na yeye alicheka nasi.

Hapa niweke neno kuhusu baiskeli na Usukuma, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini mkulima alikuwa na Raleigh. Jibu ni pamba. Wakulima wa Kanda ya Ziwa walianza kujipanga katika vyama vya ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakiongozwa na watu kama Paul Bomani, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika shirikisho lililojulikana kama VFCU. Fedha ya pamba ilinunua mabati, ng'ombe na baiskeli. Baiskeli nayo ikabeba siasa. Mkoloni aliizuia TANU katika Jimbo la Ziwa kuanzia 1954 hadi 1958, kwa hiyo habari za siasa zilisafiri na watu wa ushirika, kijiji hadi kijiji. Na mizunguko ya vijijini ilikuwa na chombo kimoja cha uhakika: magurudumu mawili na pampu.

Mapenzi hayo na baiskeli hayajaisha. Mliopita Shinyanga na kwetu mnakumbuka baiskeli za abiria zinazoitwa daladala, zenye mto laini kwenye kariya. Siku hizi bodaboda zimezibana sana, lakini magunia ya mkaa na madumu ya maji bado yanasafiri kwa Phoenix.

Tuendelee. Hadithi ya babu ingeishia Lamadi ingekuwa tamu. Haikuishia hapo.

Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya ujamaa. Kabla ya hapo ilikuwa hiari, kuanzia hapo ikawa amri. Operesheni ilifika mkoa wa Shinyanga mwaka 1974. Wasukuma hatukuwa na desturi ya kuishi tumebanana. Kila mji ulikaa peke yake katikati ya mashamba na malisho yake, na makaburi ya wazee yakawa hapo hapo. Takwimu rasmi zilikuja kusema kuwa zaidi ya Watanzania milioni 13 wameingia vijijini. Katika hiyo milioni 13, mmoja ni babu yangu.

Watu wa operesheni walimkuta anavuna. Walimpa siku mbili, siku ya tatu wakatoa paa la nyumba. Alihamisha vitu kwa baiskeli, mzunguko baada ya mzunguko: mahindi, vyungu, mashine ya kushonea ya bibi, mtoto mmoja kwenye mlingoti na mwingine kwenye kariya. Yule wa kwenye kariya ndiye baba yangu. Pamba ya mwaka ule ilibaki shambani. Kaburi la baba yake lilibaki pia, na hadi anafariki alikuwa akiendesha kwenda kulifagia.

Na kuna jingine ambalo wazee wa kwetu hulisema kwa sauti ndogo. Mwaka 1976, katika msako wa kukomesha mauaji ya vikongwe Mwanza na Shinyanga, watu wengi walikamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa dola. Januari 1977 viongozi walijiuzulu kwa ajili hiyo, akiwemo Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, ambaye 1985 alikuja kuwa Rais. Shuleni tulifundishwa kuwa huo ni mfano wa uwajibikaji. Ni kweli kabisa. Ila kwenye daftari langu la uraia sikumbuki kuandika lolote juu ya waliokufa.

Mwalimu mwenyewe hakuwa mtu wa kujificha. Mwezi uliofuata, Februari 1977, aliandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio, na alikiri wazi kwamba nchi bado haikuwa ya kijamaa wala haikuwa imejitegemea. Ni viongozi wangapi leo wanaweza kuandika hivyo kuhusu kazi yao wenyewe?

Ndiyo maana babu alikuwa mgumu kueleweka. Picha ya Mwalimu ilikuwa sebuleni kwake mpaka mwisho, na ukimsema vibaya Mwalimu mbele yake unanyimwa chai. Lakini alikuwa na usemi wake: "Nitakwenda Butiama kwa baiskeli yangu. Nina maneno mawili ya kumwambia." Tukimuuliza ni yapi, alijibu, la kwanza asante. La pili, kwa nini hukunisubiri nivune?

Mwalimu akafariki London, Oktoba 14, 1999, akazikwa Mwitongo, Butiama. Babu hakwenda. Magoti yakakataa, kisha macho, na kisha ikawa hivi ilivyo.

Sasa wadau, deni ndilo hilo. Baiskeli ninayo, na njia nimeanza kuipanga.

Siku ya kwanza ni Bariadi hadi Lamadi, kilomita 71.8. Ni sehemu ya barabara ya Mwigumbi, Maswa, Bariadi hadi Lamadi yenye kilomita 171.8 kwa jumla, nayo sasa ni lami. Kwa baiskeli ya chuma yenye mzigo, mwendo wa kilomita 15 kwa saa, ni kama saa tano bila kuhesabu chai. Nitapita Dutwa. Nitaondoka saa kumi na mbili asubuhi kabla jua halijawa kali, na nitalala Lamadi, pale pale babu alipogeuzia.

Siku ya pili ni Lamadi kwenda Bunda na kusonga mbele hadi Kiabakari. Kipande hiki kinahitaji adabu. Ukanda wa magharibi wa Hifadhi ya Serengeti unakuja kugusa barabara kuu karibu na lango la Ndabaka, na wanyama hawajui mpaka. Tembo wa upande wa Bunda wana historia yao na wakulima. Kwa hiyo hakuna kuendesha usiku, na hakuna kusimama kupiga picha ovyo. Hatari nyingine ni mabasi na malori, ambayo mimi nayaogopa kuliko tembo. Kiabakari pana kituo cha hija cha Huruma ya Mungu, kwa hiyo mahujaji si wageni hapo.

Siku ya tatu asubuhi, kipande kilichobaki hadi Mwitongo. Pana kaburi, na pana makumbusho ya Mwalimu yaliyofunguliwa Julai 1999, miezi mitatu kabla hajafariki.

Mzigo: tyubu mbili, gundi na viraka, pampu, spana, spoku za akiba, maji lita tano, na michembe na matobolwa ya shangazi, maana chakula kile hakiharibiki na kinashiba. Kurudi nitapanda basi, baiskeli juu. Mimi si Mwalimu.

Wenye nguvu zaidi wapo. Miaka ya karibuni kuna msafara wa Twende Butiama, ambao waendesha baiskeli hutoka Dar es Salaam hadi Butiama kuelekea Oktoba 14, wakipanda miti njiani. Nawavulia kofia. Rafiki mmoja aliniuliza kwa nini nisijiunge nao. Labda mwaka mwingine. Safari hii ni ya watu wawili.

Najua pia wapo watakaonisahihisha kwamba hija ni Makka, au ni Namugongo, na Butiama ni ziara tu. Sibishani. Kanisa Katoliki lilianza mchakato wa kumtangaza Mwalimu mwenye heri Jimboni Musoma mwaka 2005, hilo nawaachia wenyewe. Kule Santiago, Hispania, mwendesha baiskeli anatakiwa amalize walau kilomita 200 ndipo apewe cheti cha hija. Njia ya Butiama hadi Mwanza inavuka kiwango hicho, na mimi sijaona hata kibao kimoja cha kumwambia mpita njia kwamba hapa palipita matembezi ya 1967!

Kabla sijaondoka Bariadi kulikuwa na mzozo mdogo. Baba mdogo alisikia mpango wangu akakasirika. Alisema neno la asante nilipeleke, lile la pili nilizike na mzee. "Marehemu hasutwi kaburini kwake, mwanangu. Na huyo ni Baba wa Taifa." Baba yangu, yule wa kwenye kariya, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Maneno yalikuwa mawili. Ukipeleka moja umemwibia mzee."

Nimelala na maneno hayo wiki tatu sasa. Baba mdogo ana hoja, adabu ni adabu. Lakini naona sisi vijana wa mjini tumegawanyika makundi mawili: kuna wanaomwona Mwalimu kama malaika, na kuna wanaomlaumu hadi kwa foleni ya Ubungo. Babu hakuwa kundi lolote. Alimpenda na alimdai. Mtu ambaye huna ujasiri wa kumdai, je, kweli unamheshimu, au unamwogopa tu?

Basi nimeamua. Yote mawili yatafika, kwa sauti ya chini na kofia mkononi. Na nikitoka hapo, kurudi kwangu nitashukia kwenye lile kaburi la zamani alilolifagia babu, nilifagie mimi. Nalo ni kituo cha hija hii, tena huenda ndicho kikubwa.

Naondoka msimu wa kiangazi kabla ya mvua za vuli. Tairi la nyuma limeshabadilishwa, cheni bado. Aliyewahi kuendesha kipande cha Lamadi na Bunda anishauri kuhusu upepo wa ziwa, asubuhi unatoka wapi? Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyetembea au kuendesha mwaka ule wa 1967, tafadhali mwulizeni leo, msisubiri arobaini.

Nawasilisha.