Gesi ya Songo Songo na Deni Langu la Soda

Ndugu tuliosoma pamoja,

Mhariri aliniomba niandike juu ya almasi ya Mwadui, kwa kuwa mimi ni mtu wa Tinde na Mwadui ni jirani yetu. Habari za Dk. Williamson na ugunduzi wake wa mwaka 1940 mnazijua. Mimi nitaandika juu ya gesi ya Songo Songo, kwa sababu nina deni.

Mwaka 1974 kampuni ya Kiitaliano, AGIP, ilikuwa ikitafuta mafuta katika kisiwa cha Songo Songo, wilaya ya Kilwa. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda karibu mara nne baada ya vita vya Oktoba 1973, na sisi bwenini tulikuwa tukipimiana mafuta ya taa. Kisima kikatoa gesi. AGIP waliona haina faida ya biashara, wakaiacha. Katika mdahalo wetu nilisimama nikatangaza kwamba Waitaliano wamekwisha kutujibu: hamna kitu. Nikapigiwa makofi. Ndugu mmoja tu alinipinga, tukawekeana dau la soda.

Nilikuwa nimesahau ya kwetu. Kule Tinde mto ukikauka, watu huchimba katika mchanga wake na kupata maji. Maji hayo hayakukaa kama ndani ya mtungi. Yamo kati ya punje na punje. Gesi ya Songo Songo nayo imo hivyo, katika miamba ya mchanga ya zama za Kretasia, zaidi ya kilomita moja na nusu chini. Na shimo moja halikuambii mchanga wenye maji unaishia wapi. Sharti uchimbe jingine mbele na jingine kando.

Kazi hiyo ilifanywa na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, lililoundwa mwaka 1969. Kati ya 1976 na 1983 vilichimbwa visima zaidi, vingine kisiwani, vingine baharini, hata vikawa tisa pamoja na kile cha kwanza. Kila kimoja kilikuwa na maswali yake: gesi inaanzia kina gani, maji yaliyo chini yake yako wapi, mwamba una nafasi kiasi gani kati ya punje zake, na gesi ikifunguliwa hutoka kwa nguvu gani. Vitano vilionekana vyafaa kutoa gesi.

Kisha tukangoja. Ule mradi wa mbolea wa KILAMCO, uliokusudiwa kujengwa Kilwa, haukujengwa. Mwaka 2004 tu ndipo bomba la kilomita 232 lilipofikisha gesi Ubungo, ikazalisha umeme wa gridi ya taifa, ambayo nyaya zake zinafika hadi kwetu Shinyanga.

Miaka 30 kamili! Ndugu uliyenipinga, ukihudhuria mkutano wetu, soda yako ipo. Ila usinidai riba.