Rovu la Tukuyu, lehemu ya Dar

Wasomaji wangu, leo naomba tuachane na siasa kidogo. Nataka tuzungumzie shingo. Ndiyo, shingo! Au niseme vizuri zaidi: ile tezi ndogo yenye umbo la kipepeo iliyokaa mbele ya koo, ambayo wataalamu wanaiita thairoidi. Historia ya tezi hii huko kwetu Rungwe inaweza kumsaidia mtu wa Sinza au Mikocheni aliyetoka maabara na karatasi inayosema lehemu yake iko juu. Lehemu ndiyo hiyo tunayoiita kolesto mitaani.

Twende taratibu. Tuanze na mwaka 1891.

Mwaka huo wamisionari wa Kijerumani, Wamoravian na wale wa Berlin, walifika Unyakyusa wakipitia Ziwa Nyasa. Historia hiyo tumefundishwa shuleni na makanisani. Lakini mwaka huohuo, kule Newcastle, Uingereza, daktari kijana aitwaye George Murray alifanya jambo ambalo halimo kwenye vitabu vyetu. Alikuwa na mgonjwa, mama wa miaka 46, ambaye tezi yake ya shingo ilikuwa imeacha kufanya kazi. Amevimba uso, anasikia baridi wakati wote, anaongea polepole. Murray akachukua tezi za kondoo, akatengeneza maji yake, akamchoma sindano. Mama akaamka! Aliendelea na tiba hiyo hadi alipofariki mwaka 1919 akiwa na miaka 74. Inasemekana zilitumika tezi za kondoo zaidi ya 870. Zizi zima kwa ajili ya mtu mmoja.

Kwa nini nayaweka pamoja mambo haya mawili? Kwa sababu nchi waliyofika wale wamisionari ni nchi ya rovu.

Aliyewahi kufika Tukuyu anajua mvua ya kule. Kwenye miteremko ya Mlima Rungwe hunyesha zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Udongo ni wa volkano, ndizi zinajaa, chai inastawi, mtu akitupa mbegu inaota. Lakini mvua hiyohiyo, kwa maelfu ya miaka, husafisha udongo na kuondoka na madini joto. Hayo ndiyo madini ambayo tezi ya shingo huyatumia kutengeneza homoni zake. Yakikosekana kwenye udongo, yanakosekana kwenye maharage, kwenye mahindi, na kwenye maziwa ya ng'ombe anayekula majani ya pale. Tezi inahangaika, inatanuka ili ikamate hayo machache yanayopita. Hilo ndilo rovu.

Si laana ya Wanyakyusa. Hadithi ni hiyohiyo kwenye milima mingi duniani: Himalaya, Andes, hata Uswisi, nchi tunayoijua kwa mabenki na saa. Waswisi walikuwa na marovu kweli kweli hadi walipoanza kutia madini joto kwenye chumvi mwaka 1922.

Sisi tulichelewa. Taasisi ya Chakula na Lishe ilianzishwa mwaka 1973, na katika miaka ya 1980 watafiti walipopima watoto wa shule nchini walikuta takriban mmoja kati ya wanne ana rovu. Nyanda za Juu Kusini zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoathirika vibaya. Tatizo halikuwa uzuri wa shingo tu. Mama mjamzito akikosa madini joto, ubongo wa mtoto aliye tumboni unaumia, na hakuna shule itakayomrudishia.

Kuanzia mwaka 1986 serikali ikagawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi. Katika miaka iliyofuata viliwafikia watu zaidi ya milioni 5. Katikati ya miaka ya 1990 ikawa sheria kwamba chumvi ya kula lazima itiwe madini joto. Na hapa nisahihishe kitu nilichokisikia mara nyingi: chumvi ya baharini haina madini joto ya kutosha kwa asili yake, hata kama imetoka Bagamoyo au Lindi. Lazima yaongezwe. Utafiti wa taifa wa mwaka 2004 ulikuta kaya zaidi ya 80 katika kila 100 zinatumia chumvi yenye madini joto, na rovu kwa watoto wa shule limeshuka hadi kama 7 katika kila 100. Kwa maoni yangu hii ni moja ya kazi kubwa kabisa ambazo nchi hii imezifanya bila kupigiwa ngoma.

Bibi yangu mzaa mama alizaliwa mapema mno. Picha zake zote amejifunga kitambaa shingoni. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni urembo wa zamani.

Sasa turudi kwenye lehemu. Rovu linaonekana, lakini lehemu haionekani, na hapo ndipo kwenye hatari.

Ini lina kitu unachoweza kukifananisha na milango. Milango hiyo huivuta lehemu mbaya kutoka kwenye damu na kuiingiza ndani ili ishughulikiwe. Homoni ya tezi ya shingo ni mmoja wa mafundi wanaoliambia ini lijenge milango mingi. Homoni ikipungua, milango inapungua. Lehemu inabaki barabarani ikizunguka, hata kama mwenye damu hiyo anakula maharage na mchicha tu.

Madaktari waliliona hili zamani sana. Miaka ya 1930 kule Boston, Lewis Hurxthal aliandika kuhusu lehemu katika magonjwa ya tezi: tezi ikilala, lehemu inapanda, tezi ikizidi kasi, lehemu inashuka. Wakati huo vipimo vya homoni vya leo havikuwepo, kwa hiyo lehemu ya juu ilikuwa mojawapo ya njia za kuitambua tezi iliyolala. Fikiria hilo! Kile ambacho leo tunakiona kama ugonjwa unaojitegemea, wao walikiona kama moshi, wakaenda kutafuta moto.

Baadaye tukasahau. Mjapani Akira Endo aligundua dawa za kwanza za jamii ya statini miaka ya 1970, na mwaka 1987 Marekani ikaidhinisha ya kwanza kuuzwa. Ni dawa nzuri, zimeokoa mioyo mingi. Lakini kidonge kilipopatikana, ikawa rahisi kutibu namba iliyo kwenye karatasi bila kuuliza imetoka wapi.

Mama yangu mdogo ni mwalimu mstaafu, anaishi upande wa Katumba. Tezi yake ililala miaka mingi iliyopita, na anameza homoni ya kidonge, levothairoksini, kila siku. Alipopimwa na kuambiwa lehemu iko juu na huenda akaongezewa dawa nyingine, alinipigia simu.

"Mwanangu, wewe ni mwandishi, unasoma. Hivi siwezi kuishusha hii kwa chakula tu? Nimechoka na vidonge."

"Shikamoo mama mdogo. Vidonge vipi unataka kuacha?"

"Vyote."

Neno hilo moja, "vyote", ndilo lililonifanya niandike makala hii. Maana "bila dawa" ina maana mbili, na moja inaweza kuua. Kuepuka dawa ya lehemu ni jambo la kujadili na daktari. Kuacha homoni ya tezi ili "kupunguza vidonge" ni kufunga ile milango ya ini yote, na lehemu itapanda zaidi, moyo utachoka zaidi. Kwa mtu ambaye tezi yake imelala, homoni si dawa ya ziada. Ni kitu ambacho mwili ulipaswa kukitengeneza wenyewe ukashindwa.

Kwa hiyo swali la kwanza halikuwa chakula. Lilikuwa: kipimo cha TSH kinasemaje? Hicho ndicho kinachoonyesha kama dozi inatosha. Alipopimwa, ikaonekana haitoshi. Daktari alimuuliza anamezaje kidonge. Akasema, kwa kujiamini kabisa kama mwalimu, "Na chai ya maziwa, asubuhi." Ni Rungwe hiyo jamani, maziwa na chai ndiyo maisha! Lakini kalsiamu ya maziwa, kahawa, na vidonge vya madini ya chuma huzuia homoni hiyo kuingia vizuri mwilini. Inatakiwa imezwe kwa maji, tumbo likiwa tupu, kisha usubiri nusu saa hadi saa moja ndipo unywe chai. Vidonge vya chuma au kalsiamu vikae mbali nayo kwa saa kama nne.

Kisha ndipo tukaja kwenye chakula, na hapa tena historia ya Afrika Mashariki ina la kusema. Mwaka 1959 madaktari Shaper na Jones walichapisha utafiti wao wa Kampala. Kwa Waafrika wa Uganda, ambao chakula chao kikubwa kilikuwa ndizi, viazi na maharage, lehemu ilikuwa chini na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa nadra sana. Kwa Waasia wa mji huohuo, waliokula mafuta mengi zaidi, vyote viwili vilikuwa juu. Hugh Trowell na Denis Burkitt, waliofanya kazi Uganda kwa miaka mingi, walikuja kuwa watetezi wakubwa wa nyuzinyuzi kwenye chakula. Yaani wazungu walikuja kujifunza afya kwenye sahani zetu, wakati sisi tulikuwa njiani kuelekea chipsi mayai. Utafiti wa taifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne Tanzania ana lehemu iliyozidi.

Mama mdogo hakuhitaji kununua kitu cha ajabu. Maharage na njegere kila siku, kwa sababu nyuzinyuzi zake hushika lehemu tumboni na kutoka nayo. Ndizi za kuchemsha badala ya za kukaanga. Parachichi, ambalo Rungwe linaanguka chini ya miti, badala ya siagi kwenye mkate. Mawese ya kutoka Kyela yakapunguzwa, maana karibu nusu yake ni mafuta yale yanayopandisha lehemu. Samli vilevile, na mafuta ya nyama. Kahawa ya kuchemsha bila kuchujwa nayo hupandisha lehemu. Watafiti wa Norway waliona uhusiano wa kahawa na lehemu huko Tromsø mwaka 1983. Ichuje kwa karatasi. Na kutembea: vilima vya Tukuyu ni ukumbi wa mazoezi usio na kiingilio.

Vipo pia vya kukwepa. Kuna watu wanauza matone ya madini joto na unga wa mwani kwa kila mwenye tezi. Kumbukeni Kivu, mashariki ya Kongo, miaka ya 1990: chumvi yenye madini joto ilipoingia kwa kasi, baadhi ya watu waliokaa na upungufu miaka mingi walipata tezi iliyoenda kasi kupita kiasi. Madini joto yana kipimo. Na muhogo usioandaliwa vizuri una sumu inayoizuia tezi kutumia madini joto; kwenye kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu ndiyo iliyosaidia kueleza kwa nini kaskazini kulikuwa na rovu kuliko kusini magharibi, ingawa madini joto yalikuwa haba kote.

Na wewe ambaye tezi yako ni nzima, usiazime homoni ya mtu ili kushusha lehemu. Lilishajaribiwa. Marekani, kwenye utafiti mkubwa wa wanaume waliowahi kupata shambulio la moyo, kundi moja lilipewa aina ya homoni ya tezi. Lehemu ilishuka, lakini waliokufa wakawa wengi zaidi, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 kundi hilo likasimamishwa. Namba nzuri, makaburi mengi.

Miezi michache baada ya kurekebisha umezaji, dozi na sahani, lehemu ya mama mdogo ilishuka kiasi cha daktari kusema statini isubiri. Isubiri, hakusema isahaulike. Mwingine mwenye kisukari, au aliyewahi kupata kiharusi, anaweza kufanya yote haya na bado akahitaji statini, na hiyo si aibu. Ila hata yeye tezi irekebishwe kwanza, kwa sababu statini kwa mtu ambaye tezi imelala huongeza hatari ya kuumiza misuli.

Kwa hiyo ukipewa karatasi ya lehemu, kabla hujauliza "nile nini?", uliza "tezi yangu imepimwa?" Hasa kama unasikia baridi Dar es Salaam, unanenepa bila sababu, umechoka kila siku na choo ni kigumu. Zaidi sana kama wewe ni mwanamke, na zaidi tena kama kwenu kuna bibi aliyejifunga kitambaa shingoni.