Kitufe cha skana kifanye kazi kwenye Linux

Skana nyingi za mezani zina vitufe vyake, lakini ukiichomeka kwenye kompyuta ya Linux waweza kukibonyeza mpaka kidole kichoke na kusitokee kitu. Skana si mbovu. Lazima pawe na programu inayoendelea kimyakimya ikikiangalia kitufe kila mara. Programu hiyo ni scanbd, nayo ni ya bure.

Naziandikia hasa afisi ndogo za mitaani zinazopiga nakala za hati za ardhi, vyeti na vitambulisho. Huko kitufe kimoja huokoa muda, lakini faili za watu pia zaweza kuishia pasipofaa.

Anza na amri scanimage -L ili uone kama skana inatambulika. Kisha scanimage -A: vitufe vikitajwa miongoni mwa chaguo zake, endelea. Visipotajwa, hata scanbd haitaviona.

Kwenye Debian au Ubuntu, isakinishe kwa sudo apt install scanbd.

Sasa fundo lenyewe. Skana hushikwa na programu moja kwa wakati mmoja. scanbd ikiishika, programu nyingine zitaambiwa skana ina shughuli. Ndiyo maana panahitajika mipangilio miwili:

1. Ya scanbd, ndani ya /etc/scanbd. Faili yake ya dll.conf itaje aina halisi ya skana yako, na neno net lisiwemo.

2. Ya programu nyingine, ndani ya /etc/sane.d. Humo dll.conf ibaki na neno net pekee, na net.conf iandikwe localhost.

Hivyo programu nyingine huomba skana kupitia scanbm, inayosikiliza kwenye mlango 6566. scanbm huiambia scanbd iiachie skana kwa muda, kisha huirudisha. Huduma ya saned.socket izimwe, kwani hutumia mlango huohuo.

Kazi ya kitufe hupangwa katika scanbd.conf, ambako kila kitufe hupewa hati ya amri. Ndani ya hati hiyo, jina la skana hupatikana kwa $SCANBD_DEVICE. Mstari kama huu watosha:

scanimage -d "$SCANBD_DEVICE" --resolution 300 --format=png > /srv/nakala/$(date +%Y%m%d-%H%M%S).png

Tarehe na saa kwenye jina huzuia nakala mpya kufuta ya zamani.

Kabla ya kuiwasha moja kwa moja, simamisha huduma na ujaribu sudo SANE_CONFIG_DIR=/etc/scanbd scanbd -f -d7. Bonyeza kitufe, maandishi kwenye skrini yatakuonyesha kama kimesikika.

Mwisho, folda ya nakala. Kwenye Debian, scanbd hufanya kazi kwa jina la mtumiaji saned, kwa hivyo mpe yeye folda hiyo, kisha chmod 750 ili wapita njia wasiifungue. Kitambulisho cha mteja ni amana: akishapata nakala yake, ifute kwenye kompyuta.