Lubumbashi–Kinshasa: kilomita zilezile, saa nyingine

Ndege inayotoka uwanja wa Luano, Lubumbashi, kwenda Kinshasa hukaa angani kama saa mbili na nusu, lakini abiria akitazama saa ya ukutani pale uwanja wa N'djili huona imepita moja na nusu tu. Lubumbashi imeutangulia mji mkuu kwa saa moja. Wakati wa kurudi, deni hilo hulipwa.

Kwa mstari ulionyooka, miji hii imeachana kwa kilomita zisizofika 1,600. Wabelgiji walipoanzisha Élisabethville, Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, hesabu hiyo haikumfaa mtu: reli iliyoufikia mji ilitoka kusini, na aliyetoka Ulaya aliona heri ashuke melini Cape Town, apande treni. Reli ya kampuni ya BCK ilifika Port-Francqui, Ilebo ya leo, mwaka 1928. Hata hapo, baada ya kilomita zaidi ya 1,500 za reli, msafiri alikuwa bado hajapanda meli ya kuteremka mto Kasai hadi Léopoldville, yaani Kinshasa.

Angani Sabena, shirika la ndege la Ubelgiji, ilikuwa imeshatangulia. Kati ya 1925 na 1926 ilifungua njia ya kilomita 2,288 kutoka Boma kupitia Léopoldville hadi Élisabethville, kwanza kwa vindege vya DH.50, kisha kwa Handley Page za injini tatu na viti kumi.

Kilichokuja kuirefusha njia hiyo ni siasa. Tarehe 11 Julai 1960 Moïse Tshombe, kiongozi wa Katanga, jimbo la Élisabethville, alitangaza kuwa Katanga imejitenga na Kongo. Kesho yake Rais Kasa-Vubu na Waziri Mkuu Lumumba walifika juu ya Luano. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, akakataza ndege yao isitue. Tarehe 17 Januari 1961 uwanja uleule ulimpokea Lumumba bila pingamizi, maana safari hii aliletwa amefungwa ndani ya DC-4 kutoka Moanda, pamoja na wenzake Mpolo na Okito, wakipigwa njia nzima. Waliuawa usiku huohuo.

Septemba mwaka huo Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alitoka Léopoldville kwenda kuonana na Tshombe huko Ndola, ng'ambo ya mpaka. Kwa kuogopa ndege ya kivita ya Katanga aina ya Fouga, DC-6 yake ilizunguka mbali mashariki, upande wa Ziwa Tanganyika. DC-4 ya Lord Lansdowne, mjumbe wa Uingereza, isiyo na kasi kama yake, ilipita njia ya moja kwa moja na kufika kwa takriban saa tano na nusu. Ya Hammarskjöld ilikuwa imeruka zaidi ya saa sita ilipoanguka msituni karibu na Ndola.

Baadaye mashirika ya ndege ya nchi yalipokezana: Air Zaïre ilifungwa mwaka 1995, Congo Airways ikaanza kuruka 2015, na Desemba 2024 ikaja Air Congo mpya, ambayo Ethiopian Airlines inamiliki asilimia 49. Asiyemudu tiketi bado ana treni ya SNCC, shirika la reli la taifa, hadi Ilebo, ikipatikana.