Beji ya Buluu, Beji ya Chungwa: Historia ya Kazi Ndani ya Microsoft

Microsoft ilianzishwa mwaka 1975 mjini Albuquerque, jimbo la New Mexico nchini Marekani, na vijana wawili waliosoma shule moja Seattle, Bill Gates na Paul Allen. Desemba 1978, wakijiandaa kuhamia kaskazini, wafanyakazi walikwenda studio kupiga picha ya pamoja. Katika picha hiyo wanaonekana watu 11, wengi wao wakiwa na nywele ndefu na ndevu za ujana. Miriam Lubow, aliyeshika hesabu na shughuli za ofisi, hayumo kwa sababu theluji ilimzuia kufika. Mwezi uliofuata kampuni ilihamia Bellevue, karibu na Seattle.

Kazi ya miaka hiyo haikuwa na saa. Watu waliandika programu usiku kucha, na wengine walilala chini ya meza zao. Gates mwenyewe amesimulia kuwa alizijua kwa kichwa namba za magari ya wafanyakazi wote, hivyo akitazama uwanja wa maegesho alitambua nani yupo kazini na nani ameshaondoka. Aliacha mtindo huo kampuni ilipokuwa kubwa mno kwa kumbukumbu ya mtu mmoja. Hapakuwa na karani wa kuandika nani kaingia saa ngapi, lakini mfanyakazi alijua kuwa anaonekana.

Kilichowafanya watu wavumilie mwendo huo ni hisa. Mshahara ulikuwa wa kawaida, pengine chini ya uliolipwa na kampuni nyingine, ila mwajiriwa alipewa haki ya kununua hisa kadhaa baadaye kwa bei ya siku aliyopewa haki hiyo. Haki ilikomaa kidogo kidogo kwa miaka kadhaa, kwa hiyo aliyeondoka mapema aliacha sehemu yake mezani. Mpango huo ndio ulioisukuma kampuni kuingia soko la hisa: wenye hisa walikuwa wanakaribia 500, idadi ambayo kisheria ingeilazimu kutoa hesabu zake hadharani kama kampuni ya umma. Tarehe 13 Machi 1986 hisa zilianza kuuzwa kwa dola 21, na jioni zilifunga kwa dola 27.75. Kufikia 1999, kwa kugawanywa mara kwa mara, hisa moja ya siku ile ilikuwa imekuwa hisa 144. Maelfu ya wahandisi, mameneja na hata makatibu muhtasi wakawa mamilionea bila kuanzisha biashara yoyote. Ni vigumu kutaja kampuni nyingine ya wakati huo iliyogawa utajiri kwa watu wengi namna hiyo.

Majuma machache kabla ya hisa kuuzwa, kampuni ilikuwa imehamia Redmond, kwenye majengo mafupi katikati ya miti. Majengo ya kwanza yalichorwa kwa umbo la herufi X ili ofisi nyingi kadiri iwezekanavyo zipate dirisha, na kila mhandisi alikuwa na chumba chenye mlango wa kufunga. Vinywaji vilikuwa vya bure. Ukazuka pia utaratibu usiotokana na agizo la mtu: aliyetimiza mwaka kazini alileta pauni moja ya peremende za M&M kwa kila mwaka aliotumikia, wenzake wakapita mlangoni kwake kuchota.

Ukali wa kazi yenyewe ulionekana vizuri zaidi katika utengenezaji wa Windows NT, ulioanza 1988 chini ya Dave Cutler na kukamilika Julai 1993. Kila siku kazi ya mamia ya watu iliunganishwa kuwa programu moja, na Cutler aliwataka wahandisi wake waitumie programu hiyo changa kwenye kompyuta zao wenyewe wakati bado wanaijenga. Aliyeingiza kosa hakuwaudhi wateja wa mbali tu. Alisimamisha kazi ya wenzake wa ukumbi uleule, nao walimfuata mlangoni. Kitabu cha G. Pascal Zachary kuhusu mradi huo, kilichotoka 1994, kinaeleza pia gharama iliyolipwa majumbani, kwa wenzi na watoto waliozoea kula bila baba au mama.

Lakini si kila aliyefanya kazi Redmond alikuwa mwajiriwa. Waajiriwa walivaa beji za buluu. Wahariri, wasahihishaji, watayarishaji wa faharasa na wajaribu programu wengi waliingia kwa mikataba iliyowataja kuwa watu wanaojitegemea, wenye jukumu la kodi na bima zao wenyewe. Walikaa ofisi zilezile, wakasimamiwa na mameneja walewale, wengine kwa miaka mingi. Ila anwani zao za baruapepe zilikuwa tofauti, rangi ya beji ilikuwa tofauti, hawakualikwa kwenye sherehe za kampuni, na malipo yao yalipitia idara inayolipa ankara za wauzaji bidhaa. Beji ya rangi ya chungwa ikawa alama yao.

Mamlaka ya kodi ya Marekani ilipokagua kumbukumbu za kampuni mwishoni mwa miaka ya 1980, iliamua kuwa watu hao walikuwa waajiriwa. Kampuni ikawaajiri baadhi, na wengine ikawaambia wapitie kwa mawakala wa vibarua ikiwa wanataka kuendelea. Mwaka 1992 wanane kati yao walifungua kesi inayojulikana kwa jina la Vizcaino, wakidai kushirikishwa katika mpango wa kununua hisa kwa punguzo. Mahakama ya rufaa iliwapa haki mwaka 1996 na tena 1997. Shauri lilimalizika Desemba 2000 kwa makubaliano ya dola milioni 97. Hata hivyo, miezi kadhaa kabla ya makubaliano hayo kampuni ilikuwa imeweka kanuni kwamba kibarua akifanya kazi siku 364 lazima akae nje siku 100. Kanuni hiyo iliikinga kampuni dhidi ya kesi mpya. Kwa kibarua ilikuwa zaidi ya miezi mitatu bila kipato kutoka Microsoft. Baadhi yao walikuwa wameunda chama cha WashTech mwaka 1998, lakini hakikupata mkataba wa pamoja na Microsoft.

Miaka ya 2000 ilikuwa migumu kwa wenye beji za buluu nao. Bei ya hisa iliporomoka, na mwaka 2003 kampuni iliacha kutoa haki za kununua hisa, ikaanza kuwapa wafanyakazi hisa zenyewe, ambazo hubaki na thamani hata bei ikishuka. Mwaka 2004, katika kubana matumizi, taulo ziliondolewa kwenye vyumba vya kuogea. Hasira iliyofuata ilizidi thamani ya taulo, kwa sababu wafanyakazi waliona humo dalili ya kutothaminiwa. Lisa Brummel, mkuu mpya wa rasilimali watu, alizirudisha mwaka 2006.

Lililoumiza zaidi ni upangaji wa watu kwa madaraja. Kila meneja alitakiwa kuigawa timu yake kwa uwiano uliowekwa: wachache bora, wengi wa wastani, na wengine lazima wawekwe chini hata kama wote wamefanya vizuri. Hodari walikwepa kukaa timu moja na hodari wenzao, na kumsaidia jirani kukawa hasara. Brummel aliufuta utaratibu huo Novemba 2013, na wafanyakazi wakaanza kupimwa pia kwa namna wanavyoinua kazi ya wenzao. Satya Nadella, aliyeajiriwa 1992, akawa mkuu wa kampuni Februari 2014.

Julai mwaka huohuo, hata hivyo, alitangaza kupunguza hadi watu 18,000, wengi wao kutoka kitengo cha simu cha Nokia kilichokuwa kimenunuliwa. Watu wengine 10,000 walipunguzwa mwaka 2023. Katikati ya matukio hayo mawili, mwaka 2019, kampuni ilifungua vituo vya uhandisi Nairobi na Lagos, na vijana wa Kenya wakaanza kuandika programu za soko la dunia wakiwa nyumbani.

Januari 2023 wajaribu wapatao 300 wa ZeniMax, kampuni ya michezo ya kompyuta iliyonunuliwa na Microsoft mwaka 2021, walitambuliwa kama chama cha kwanza cha wafanyakazi wa Microsoft ndani ya Marekani. Kazi yao ni ileile ya kujaribu programu waliyoifanya vibarua wengi wa Redmond katika miaka ya 1990. Mkataba wao wa pamoja uliidhinishwa Juni 2025.