Cheche Iliyoleta Redio Katanga

Malori ya mgodi wa Kamoto ni makubwa kuliko nyumba yangu, lakini hayajawahi kunikatia taarifa ya habari. Yanakunywa mazuti, na injini ya dizeli huwasha mafuta kwa kuyagandamiza tu. Inayoijaza redio yangu mkwaruzo ni jenereta ya petroli ya jirani, ile ya kubebwa kwa mkono mmoja, kwa sababu ina buji, na buji hutoa cheche.

Mimi ni fundi wa redio hapa Kolwezi, Katanga ya zamani, na siwezi kuilaani cheche. Ndiyo iliyotuletea redio. Kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mbelgiji Robert Goldschmidt alisimamia ujenzi wa vituo vya simu ya upepo kutoka pwani ya Kongo hadi Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mitambo ya kizazi kile ilituma habari kwa cheche: umeme unaruka pengo, wimbi linatoka. Ila wimbi hilo humwagika kwenye masafa mengi kwa pamoja. Redio ilipoanza kubeba sauti za watu, cheche ikageuka mvamizi. Mitambo yake iliachwa. Injini za petroli zikabaki na cheche.

Waliobanwa zaidi, kwa maoni yangu, ni waundaji wa ndege ndogo za kuongozwa kwa redio. Mwaka 1937 ndugu wawili Wamarekani, Walter na William Good, walirusha ndege yao Guff: injini ya cheche na redio ya kupokea amri ndani ya kiwiliwili kimoja. Mkwaruzo sebuleni unaudhi tu. Ndege ikisikia cheche badala ya amri, inaanguka. Mwaka 1947 Ray Arden aliwaletea buji ya waya unaobaki mwekundu kwa joto, bila cheche. Baadaye injini kubwa za petroli zikairudisha cheche, na wao wakajifunza kuifunga: buji yenye kizuizi cha umeme ndani, waya wake uvikwe wavu wa chuma ulioungwa na mwili wa injini, redio ikae mbali na kiwashio na iwe na betri yake.

Kuifunga cheche ndiyo kazi yangu hapa. Namuuliza mteja kwanza kuna injini gani karibu. Nikikuta buji isiyo na herufi R, alama ya kizuizi, katika namba yake, naibadilisha. Kizuizi cha omu 5,000 hivi hupunguza nguvu ya mkwaruzo, na petroli inawaka vilevile. Kofia ya buji ikilegea, huzaa cheche ya pili pasipotakiwa, basi naikaza.

Wasikilizaji wa FM mjini wana nafuu, maana FM haitishwi sana na cheche. Lakini kuna wateja wangu wa upande wa Sandoa na Kapanga wanaotegemea masafa mafupi. Hao nawaambia waje na jenereta pia.