Mikanda Mitatu Iliyorudi

Ndugu wasomaji, wanafunzi mlioko shuleni leo, na ninyi wenzangu tulioyaacha madawati yale siku nyingi: mhariri ameniomba habari ya historia. Naomba nianze na iliyotupata wenyewe, kwani anayeijua ndogo ya kwake huielewa upesi kubwa ya wengine.

Mwaka 1976 Chama cha Historia kilisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam hadi Iringa. Tuliziona zana za mawe za Isimila, kisha tukaenda Kalenga kulitazama fuvu la Mtwa Mkwawa, ambalo nalo lilikaa ugenini Ujerumani hata liliporudishwa mwaka 1954. Mwenzetu mmoja wa kidato cha tatu ndiye aliyekabidhiwa kamera ya shule. Alipiga mikanda mitatu.

Wakati wa kurudi tuliteremka Kitonga salama, tukanywa chai Ruaha Mbuyuni, tukaendelea na safari. Tulipofika Mikumi ndipo alipogundua kuwa mkoba wenye mikanda haupo. Mwalimu alisikitika, lakini mafuta yalikuwa ya kupimwa, kugeuka hakukuwezekana. Kijana yule alilaumiwa njia nzima, na mimi nilikuwa miongoni mwa waliomlaumu.

Majuma saba baadaye lori lilisimama langoni mwa shule. Dereva akashuka na mkoba mkononi. Mama mwenye hoteli alimpa aulete, kwa sababu kila kikopo cha mkanda kilibandikwa plasta yenye jina la shule yetu. Dereva alikunywa maji, akaondoka. Hata jina hatukumwuliza.

Picha ziliposafishwa, katika mkanda wa pili alionekana mwanafunzi mwenzetu amesimama chini ya zile nguzo za udongo za Isimila, anacheka. Mwaka uliofuata aliugua akafariki. Nyumbani kwao hawakuwa na picha yake nyingine. Mama yake alifunga safari hadi shuleni kuiomba ile.

Sasa niwapeleke mbali kidogo. Katika vita vya Hispania vya mwaka 1936 hadi 1939, wapigapicha watatu vijana, Robert Capa, Gerda Taro na David Seymour, walizunguka barabara za nchi ile wakipiga picha za askari, wakimbizi na watoto. Taro alikufa Julai 1937 katika mapigano ya Brunete, baada ya kugongwa na kifaru. Negativu zao zilihifadhiwa Paris chini ya uangalizi wa rafiki yao, Csiki Weisz.

Mwaka 1940 majeshi ya Ujerumani yalipokaribia Paris, Weisz, aliyekuwa Myahudi kutoka Hungaria, alizitia negativu katika shanta, akapanda baiskeli kuelekea Bordeaux, akitumaini zitapata meli ya kwenda Meksiko. Kwa maelezo yake aliyoyaandika mwaka 1975, alikutana njiani na mtu wa Chile akamwomba azipeleke ubalozini kwao. Tangu hapo hazikuonekana. Weisz mwenyewe alikamatwa, akazuiliwa Moroko.

Zilikuwa zimepita mikononi mwa watu hata zikamfikia jenerali mmoja aliyekuwa balozi wa Meksiko nchini Ufaransa wakati wa vita. Zikasafiri naye hadi Mexico City, zikakaa humo miaka mingi. Habari zake zilianza kutoka mwaka 1995, na Desemba 2007 zikafikishwa New York, katika kituo cha upigaji picha kilichoanzishwa na Cornell, mdogo wake Capa, mwaka 1974. Zilikuwa sanduku tatu ndogo zenye mikanda 126, negativu zipatazo 4,500, nzima kwa kiasi cha kushangaza. Capa hakuziona, aliuawa na bomu la ardhini huko Indochina mwaka 1954. Seymour naye aliuawa Suez mwaka 1956. Cornell alizipokea akiwa na miaka 89, akafariki Mei 2008.

La kuhuzunisha zaidi ni la Weisz. Alipofunguliwa alihamia Meksiko, akaishi katika jiji lile lile zilimokuwa sanduku zile kwa zaidi ya miaka sitini. Alifariki Januari 2007, kabla hazijafikishwa New York.

Lakini kazi yake haikupotea. Ndani ya mifuniko kulikuwa na orodha zilizoandikwa kwa mkono, zikitaja kila mkanda ni wa nini. Kwa mikanda ile wataalamu waliweza kutambua picha za Taro ambazo kwa miaka mingi zilidhaniwa ni za Capa. Binti aliyekufa kabla ya kutimiza miaka 27 alirudishiwa kazi yake baada ya miaka sabini.

Basi, ndugu zangu, picha hairudi kwa bahati peke yake. Hurudi kwa sababu kuna aliyeandika, na kuna mgeni aliyeona maandishi akatenda uungwana. Vijana wa leo mna picha elfu katika simu. Simu ikiibwa na hakuna nakala mahali pengine, zote zimekwenda. Na picha isiyo na jina, hata ikibaki, imepotea nusu.

Picha moja ya safari ile ya 1976 ninayo mezani ninapoandika. Tumo 28 mbele ya basi. Nimejaribu usiku mzima, nimekumbuka majina 19 tu. Nitaileta siku ya mkutano, pamoja na penseli. Tafadhali, atakayemtambua yeyote kati ya wale tisa aje aandike nyuma yake.